Kibao cha Bustani ya Shule

Ndugu yangu, kuna balaa. Leo sitanii.

Mimi, mheshimiwa niliyewahutubia wazazi juzi kwa niaba ya wanafunzi kuhusu faida za bustani ya shule! Afya bora, nikasema.

Asubuhi nilikichukua kile kibao cha 'USICHUME, KUNA DAWA YA WADUDU' nikamtundikia kiranja kitandani, anakoroma. Bweni zima hoi kwa kicheko. Baadaye nikakirudisha bustanini.

Kumbe huku nyuma mama mpishi alishachuma mchicha wenye dawa, akaupika.

Kidato cha kwanza wanatapika. Mmoja kapelekwa hospitali, hajitambui. Hajitambui!

Mkuu anamfokea mama: "Huna macho? Kibao si hiki hapa!"

"Mwalimu, naapa hakikuwepo. Hakikuwepo!"

Polisi wameitwa. Bweni zima linatazama chini.

Usiniambie ninyamaze. Naenda ofisini.