Kura Uliyopiga kwa Simu Yangu

Baba Neema,

Unisamehe kukaa wiki sita bila kukuandikia. Ulipiga simu, sikushika, ukafikiri ni mtandao. Haukuwa mtandao. Nilikuwa na hasira, na hasira ya kwenye simu inaisha pamoja na vocha. Nimeona heri niiandike, uisome mpaka mwisho bila kunikatiza.

Unakumbuka kule kwetu Uvira, siku tulipopiga kura mara ya kwanza maishani? Tulipanga foleni tangu alfajiri, mimi na tumbo la Neema, wewe umenibebea kigoda nikae kila mstari uliposimama. Baba yako mdogo akakuambia, "Mwambie mke wako ampigie nani." Ukacheka. Ukamjibu mbele ya watu, "Mule ndani anaingia peke yake, na mimi sitamuuliza." Na kweli hukuuliza. Tukarudi nyumbani vidole vyeusi kwa wino, ukanipaka shavuni, nikakufukuza na mwiko. Nilikupenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Sasa niambie, yule mwanaume alibaki Uvira?

Uchaguzi wa chama chetu cha wakimbizi, pale ukumbini Umbilo, wewe ulisikia dakika moja tu. Acha nikueleze yaliyobaki. Akina mama tulifagia, tukapanga viti, tukapika. Katibu akaanza kusoma orodha: kila nyumba kura moja, na jina ni la bwana. Alipofika kwetu nikasimama. Mwenyekiti akasema, "Kaa, mama. Tunamtafuta Papa Neema."

"Papa Neema yuko Cape Town tangu mwaka jana."

"Simu si iko? Mpigie, weka sauti, watu wote wasikie."

Nikapiga. Ningeweza kukataa, najua. Lakini nilidhani utasema, "Muulizeni mke wangu, yeye ndiye yuko hapo." Simu yangu, vocha yangu, mwanao Baraka mgongoni mwangu, na wewe ukatoka na nini? "Namba mbili. Niko kazini. Sawa, sharp." Ukakata. Hata salamu.

Mama Furaha, yule mjane wa ghorofa ya chini, akainuka. "Na mimi nimpigie nani? Nipige kaburini?"

"Tulia, mama," mwenyekiti akamwambia. "Shemeji yako ameshakuchagulia." Wanaume wakacheka mpaka wakapigana mabega.

Mgombea namba mbili akashinda kwa kura moja. Moja, Baba Neema. Ulimpigia kwa sababu ndiye aliyekutafutia kazi huko. Hukuniuliza anataka nini. Ningekuambia anakitaka chumba cha nyuma ya ukumbi, kile tunamoachiana watoto kwa zamu tukienda kazini. Haikupita wiki, kimejaa marobota yake ya mitumba hadi dirishani.

Kwa hiyo sasa Baraka anatambaa saluni kwangu kazini, Isipingo, katikati ya nywele zilizokatwa. Juzi alikohoa vibaya. Nikamtia kidole kooni, nikavuta uzi wa nywele bandia, mrefu kama kiganja. Mteja wangu akasema, "Eish, dada, hapa si mahali pa mtoto." Nikamfunga Baraka mgongoni, nikaendelea kusuka. Mahali pa mtoto mlishapapigia kura.

Tulikwenda kwa kamati, akina mama kumi na wanne. Tunataka kila mtu mzima awe na kura yake, bwana na bibi. Wakasema sawa, hilo litapigiwa kura mkutano ujao. Watakaopiga ni akina nani? Walioandikwa kwenye orodha! Ndivyo walivyotujibu, bila aibu, wakinywa chai tuliyowachemshia.

Wanaume sita wameshatoa majina yao ili wake zao waingie. Bwana wa Mama Sifa aliandika mbele yetu, wenzake wakimzomea, "Leo utavaa na kitenge!" Akaandika tu. Nilimtazama nikaona wivu, Mungu anisamehe.

Neema anakuombea kila jioni, na mimi naitikia amina, ya kweli. Lakini nimechoka kuwa mtu wa kukushikia simu.

Jifunike vizuri, nasikia baridi ya huko inauma. Vitu hivi mpe dereva wa basi la Ijumaa, kabla ya mkutano. Viatu vyeusi vya shule vya Neema, namba kumi na tatu ya watoto, hivi vya sasa vinamtoa kidole nje. Kadi yako ya chama, ile uliyoondoka nayo kwenye pochi. Nakala ya karatasi yako ya ukimbizi, wasije wakasema sahihi si yako. Na barua kwa katibu, kwa mkono wako mwenyewe. Usiandike kwamba unaniruhusu. Andika kwamba jina lako linatoka na langu linaingia, langu lote, lile nililopewa kwa baba yangu.

Mke wako,
Mama Neema