Mimi Si Yai

Jumamosi, Sumbawanga

Miaka yote hii barabarani, leo ndiyo nimeambiwa naendesha kama niliyebeba mayai!

Sisi madereva wa malori, ambao tunanyang'anyana mizigo tangu biashara ya mahindi iachwe huru, leo tulikuwa kitu kimoja. Tuliwatembeza watoto waliolazwa hospitalini hadi kijiji cha Mollo. Lori tupu linarusha, kwa hiyo nilipakia magunia machache litulie, nikaenda taratibu mpaka baiskeli zikanipita. Kando yangu, juu ya mto wa kitanda, alikaa Kalista, binti mdogo mwenye ugonjwa wa moyo.

"Shikamoo anko. Umebeba mayai?"

"Marahaba. Nimekubeba wewe."

"Mimi si yai."

Basi, nikakanyaga mafuta. Vumbi likatimka, honi akapiga yeye, nesi wake, aliyekaa upande wa dirisha, akanifokea mpaka Mollo. Kalista alicheka hadi akakohoa, nikaogopa kweli. Nilipopunguza mwendo, akaninunia.

Wakati wa kuagana alisema mwakani atakuwa utingo wangu. Nikamwajiri palepale. Nesi akatazama pembeni.

Kesho napeleka mahindi Mbeya. Mto nimeuacha kitini, asije akasema kazi yake nimempa mtu mwingine.