Jogoo wa Plastiki Mezani Pangu

Jumatatu, 9 Juni

Jogoo karudi kwangu! Wa plastiki, macho ya kiherehere, shingoni kikadi chenye jina la mkosaji. Jina langu. Sheria ya ofisi: ukiifanya taa ya seva inayokagua kazi zetu iwake nyekundu, unakaa naye mezani mpaka irudi kijani. Na Ijumaa mama anakuja kuona ninapofanyia kazi. Ukoo mzima kashautangazia kwamba mimi ndiye kichwa cha hapa. Lazima huyu ndege arudi kabatini kabla.

Kosa lenyewe: mradi wetu wa JavaScript una pakeji tano, yaani vipande vya programu, zote zinatumia kifaa kimoja cha kunyoosha msimbo. Tunamwita Kinyozi. Kwangu anafanya kazi vizuri tu. Seva inasema: amri haijulikani.

Jumanne, 10 Juni

Aibu. Kinyozi nilimweka mwaka jana kwenye kompyuta yangu, nje kabisa ya mradi. Nikasahau! Kwangu kila pakeji inampata. Seva itamtoa wapi? Miwani, jirani yangu wa meza, kacheka mpaka kapaliwa na chai.

Nimeipa kila pakeji Kinyozi wake. Haraka haraka. Kwisha kazi.

Jumatano, 11 Juni

Haijaisha. Vinyozi watano, matoleo matano! Mmoja anaweka nukta-mkato, mwenzake anaziondoa. Faili moja limenyolewa na kuoteshwa nywele mara kumi na nne. Bosi kaniuliza kwa upole nukta-mkato zimenikosea nini. Upole wake ndio unaonitisha.

Alhamisi, 12 Juni

Nimewafukuza wote. Nimeunda pakeji ya sita, Zana, Kinyozi mmoja ndani yake, na zile tano zinaitegemea Zana. Akili iliyoje! Seva: amri haijulikani. Nusura nilie.

Miwani anasema kuitegemea Zana hakukupi amri zilizo tumboni mwake. Zana yenyewe lazima iitangaze amri. Sawa na mume wangu: mkasi uko kwa dada, yeye anapekua droo yetu. Ni mstari mmoja tu. Kesho asubuhi.

Ijumaa, 13 Juni

Mama kafika saa nzima kabla ya muda, kajipamba utadhani anakwenda kuposa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeutuma ule mstari. Hata sijamficha jogoo, kashamwona. Kasoma jina langu. Kisha machozi.

"Mwanangu! Wamekupa tuzo!"

Kampiga picha jogoo, kamtumia shangazi. Shangazi kautumia ukoo. Miwani kajificha nyuma ya kikombe.

Na seva — kijani! Pakeji zote tano, Kinyozi mmoja! Wiki nzima nimeililia hiyo rangi.

Bosi kanyoosha mkono amrudishe jogoo kabatini. Mama kamkumbatia ndege.

"Mnamnyang'anya mwanangu, kwani kakosa nini?"

Wote wananitazama mimi. Najifanya naandika jambo la kazi. Nikiufuta ule mstari na kutuma, dakika mbili tu taa ni nyekundu, na jogoo ni wangu kihalali.

Mkono mmoja unaandika hapa. Kidole cha mkono wa pili kiko juu ya kitufe —