Utitiri Una Miguu

Jumatatu, 3 Machi
Inatangazwa rasmi kwamba chujio la chai la nyumba hii limestaafu utumishi wa jikoni. Limehamishiwa kwenye mzinga. Baba Salha kanywa chai yenye majani.

Sababu ni Kazimili, mwenyekiti wetu wa wafuga nyuki hapa Bunju. Kaweka karatasi yenye mafuta chini ya mzinga wangu, kahesabu vilivyodondokea, kasema utitiri, wale wadudu wanaonyonya nyuki, umejaa. Jumamosi mzinga uchomwe, usije ukaambukiza ya wenzangu. Ninao huo mmoja tu.

“Mzaramo na nyuki wapi na wapi, Mama Salha? Nyie kazi yenu ngoma.”

Kazimili ni Mnyamwezi, mtani wangu, na mtani hanuniwi. Nimenunia chooni.

Jumanne, 4 Machi
Nahesabu mwenyewe. Njia ya sukari. Nimeiona kwenye simu. Nyuki nusu kikombe ndani ya chupa, sukari laini kama poda, tikisa. Utitiri unapita kwenye chujio, nyuki wanarudi kwao wazima. Huko walikopigia video hakuna mvua ya Bunju. Sukari imeganda. Nyuki wametoka kama visheti. Utitiri: sifuri. Natamani kuamini. Siamini.

Alhamisi, 6 Machi
Njia ya maji ya sabuni. Haidanganyi, ila nyuki wanakufa. Nimewaomba radhi huku natikisa. Nikachuja. Wadudu wawili tu! Nikafungua mzinga tena, nikarudia. Mmoja tu! Nimepiga kigelegele peke yangu. Jirani kauliza nani kajifungua.

Jumamosi, 8 Machi
Kazimili kaja na kiberiti na mafuta ya taa. Kikundi kizima kipo. Nikaiomba ile karatasi yake, kaitunza kama cheti cha ndoa. Nikaipiga picha, nikaikuza, simu ikapita mkono kwa mkono. Chembe za nta. Chavua. Mchanga. Kumbe miwani anaiachaga nyumbani, aonekane kijana.

“Utitiri una miguu, mtani. Huu wako umekatwa?”

Watu hoi. Mmoja kakaa chini kabisa. Nikasema tuoshe na nyuki wa mwenyekiti, haki iwe sawa. Maji chini ya chujio yakawa mekundu kwa utitiri. Kiberiti kakirudisha mfukoni mwenyewe.

Kuanzia leo kikundi kinahesabu kwa sabuni. Njia ya Mzaramo. Nina raha mpaka naona aibu. Kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Mvua imekatika. Nimekwenda kuwaona nyuki wangu. Nyuki wa huku ukiwafungua fungua sana, huhama.

Mzinga mtupu.