Harufu Iliyomtoa Mama Msikitini

Jumamosi, Brampton, huku ughaibuni. Theluji imegoma kuyeyuka na anga lina rangi ya maji yaliyooshea vyombo. Sijafungua mapazia tangu asubuhi.

Naandika nikiwa jikoni. Mama amejifungia chumbani kwake. Salum, mume wangu, amelala kwenye kochi, amegeukia ukutani. Nimewapelekea chai wote wawili, na vikombe vyote viwili vimerudi vimejaa.

Niandike tangu mwanzo, labda nitaelewa tumefikaje hapa.

Salum alikuwa anaendesha foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja la hapa, mpaka siku mzigo ulipomwangukia mgongoni. Mifupa iliunga. Mishipa ya fahamu haikupona. Maumivu yanaanzia kiunoni yanashuka mguu wa kushoto, anasema ni kama anamwagiwa maji ya moto polepole. Vidonge vya hospitali vilimfanya zezeta. Mafuta ya bangi yanayouzwa dukani yalimtapisha. Kwa vile sheria ya hapa inaruhusu kila nyumba kuotesha miche minne, akaamua kuotesha yake mwenyewe, ya aina aliyoona inamfaa, na daktari wake akakubali.

Nilipinga. Nimekulia Tanga, kwetu hata neno lenyewe lilitajwa kwa kunong'ona. Lakini asubuhi ya kwanza aliyoamka akaniambia amelala, amelala kweli, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia kwa furaha. Sikupinga tena.

Tena ile miche ilimpa kazi. Mtu aliyekuwa hanyanyuki kitandani alianza kushuka besmenti, chumba cha chini ya nyumba, kila siku, kashika reli ya ngazi, kwenda kugeuza majani na kupima udongo kwa kidole. Wakati mwingine nilimsikia akiimba huko chini.

Tatizo likawa harufu.

Miche ikiwa midogo hainuki sana. Ikianza kutoa maua, ndipo utakapojuta. Ni harufu nzito, kitu kati ya maganda ya limau na kicheche aliyegongwa na gari barabarani, na inashika kwenye kitambaa kama moshi wa kuni.

Salum alijitahidi. Aliweka hema maalumu la kuoteshea, akafunga feni ya kuvuta hewa na kuipitisha kwenye chujio la mkaa. Alinifundisha kuangalia kuta za hema: zikibonyea kwa ndani, hewa inavutwa vizuri, zikivimba, harufu inatoroka. Akaziba kingo za mlango kwa utepe wa mpira. Tukaamini tumeishinda. Kisha baridi ikaingia. Madirisha yakafungwa yote, hita ikawa inavuta hewa ya chini na kuisambaza vyumba vyote, na unyevu wa miche ukaulowesha ule mkaa mpaka ukachoka. Sisi hatukujua, kwa sababu pua zetu zilikuwa zimeshazoea.

Na Mama hawezi kunusa kabisa. Alikuja kuishi nasi baba alipofariki, na kabla ya hapo alikuwa ameugua mafua mabaya yaliyoondoka na uwezo wake wa kusikia harufu. Maziwa yakichacha hajui. Magoti yake hayataki ngazi, kwa hiyo hajawahi kushuka besmenti. Nilimwambia kwamba Salum ana miti yake ya dawa huko chini, naye hakuuliza zaidi. Mambo ya mkwe, hakutaka kuyachimba.

Mashine za kufulia na kukaushia nguo ziko hukohuko besmenti, pembeni mwa hema. Mabuibui yake, mitandio yake, vyote vilipita pale. Kadiri nilivyovifua, ndivyo vilivyozidi kunuka.

Ijumaa ndiyo siku yake. Hapa Mama hana mtaa wala soko, na watoto wa jirani akiwaita wanamjibu kwa Kiingereza. Msikitini ndiko anakozungumza mpaka sauti inakauka. Wanawake wanamwita Bibi wa Tanga. Baada ya swala yeye ndiye anayewapikia chai ya maziwa, na hukasirika mtu mwingine akigusa iliki.

Jana alirudi mapema.

Alinisimulia akiwa bado amevaa koti. Bi Mwanaidi, jirani anayempa lifti, alifungua madirisha ya gari njia nzima, baridi yote hii. Mama akadhani mwenzake anapandwa na joto la umri. Kwenye safu, waliokuwa kulia na kushoto kwake walisogea. Alipokwenda jikoni, dada mmoja wa kamati alimvuta kando, akamwambia kwa upole apumzike, leo chai watapika wengine, na siku nyingine ajitahidi kuja na nguo safi.

Nguo safi. Huyu ni mama ambaye alikuwa ananirudisha mlangoni nikienda shule na kola yenye doa.

Akaingia bafuni. Nilisikia maji yakikatika, halafu yakafunguliwa tena. Alipotoka mikono yake ilikuwa myekundu kwa kusuguliwa. Akaja akasimama mbele yangu, akaninyooshea mkono niunuse.

"Mwanangu, niambie kweli. Ninanuka?"

"Hapana, Mama."

"Usinifiche. Uzee una harufu yake, na mimi siisikii. Mama yangu alipofika hapo nilimwogesha mwenyewe. Kama na mimi nimefika, niambie, usiniache niaibike mbele za watu."

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba si yeye, ni bangi, imo ndani ya nyumba, imo kwenye mashine ninayofulia nguo zake. Nilisubiri anipige, au aanze kuomba dua, au aulize tutamwambia nini Mungu. Alivuta kiti akakaa. 

"Inamsaidia kulala?"

"Inamsaidia."

"Basi mwache mwenzio atumie dawa yake. Mimi nitaswali nyumbani."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Heri angekuwa nayo.

Salum alikuwa sebuleni na alisikia kila neno.  Asubuhi ya leo alichukua mkasi mkubwa wa jikoni akaelekea kwenye ngazi. Nilijua anakwenda kufanya nini. Maua yalikuwa hayajakomaa. Akiyakata sasa hayatamfaa kwa lolote, na kuanza upya ni kusubiri miezi. Ningeweza kumwita. Nilisimama na kikombe mkononi nikasikiliza hatua zake.

Sikumzuia. Nilitaka aikate.

Ilipokatwa, harufu ilipanda kwa nguvu ambayo hatujawahi kuisikia, hata macho yaliniwasha. Alijaza mifuko ya taka, akaifunga kwa utepe wa gundi, akaivuta ngazi moja baada ya nyingine mpaka nje. Kisha akaenda kusimama nje ya chumba cha Mama, ameegemea fremu ya mlango, jasho linamtoka.

"Mama, nimeitoa yote. Ijumaa utakwenda."

Mama alijibu bila kufungua.

"Umekosea, baba. Ungeniuliza kwanza. Mimi kule sirudi. Nikienda hata na marashi ya mji mzima, watakayemwona ni yule bibi mchafu."

Salum akaenda kulala kwenye kochi. Kufikia mchana mguu ulianza. Namjua akiumwa: anauma kona ya mto na hapumui sawasawa.

Nilijaribu kurekebisha. Nilimpigia Bi Mwanaidi nikiwa nimekwisha panga maneno: Mama si mchafu, tatizo ni letu. Akaniuliza tatizo gani. Hapo ndipo nilipokwama. Ili kumwondolea Mama sifa ya uchafu ni lazima nitamke bangi, na nikiitamka, msikiti mzima utajua nyumba anayotoka. Yule dada wa kamati hatamwona tena bibi asiyeoga. Atamwona bibi wa nyumba ya bangi, na binti yake, na mkwe wake. Sijui lipi ni zito zaidi kwa mwanamke wa umri ule.

Nikasema Mama ana mafua. Bi Mwanaidi akasema pole, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba ameshukuru kutompakia tena.

Kwa hiyo dawa hakuna, na Ijumaa hakuna. Mume wangu alitoa kitu pekee kilichokuwa kinamnyanyua kitandani, na kukitoa hakukumrudishia mtu yeyote chochote. Nimefungua madirisha yote ya besmenti, theluji inaingia hadi ndani, na bado ukutani mnanuka.

Kutakucha. Nitapika uji wa watu watatu. Sijui nani atakuja mezani.