Irudishe Tarehe Kumi na Nne

Rodi Kopany,
Kaunti ya Homa Bay.
9 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Oliver,

Hujambo huko Kanada? Baridi imekwisha, au bado unavaa makoti mawili? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Kifua changu kimepoa, mahindi yameshika vizuri. Kaka yangu, baba yako, analalamika goti, lakini ukitaja nyama goti linapona.

Simu ningepiga. Lakini wewe ukisikia nimepandisha sauti unaanza kunibembeleza, na leo sitaki kubembelezwa. Nimekasirika, Oliver. Naandika kwa kalamu ili usipate nafasi ya kunikatiza. Maxwell, katibu wa kamati yetu ya barabara, ataipiga picha barua hii akutumie.

Ulipotuambia kampuni yako imepewa kazi ya kupima barabara yetu kutoka hapa Rodi hadi Homa Bay, nilitangaza hata kanisani siku ya Sabato. Ulinieleza ukaeleweka: programu inafuata simu zilizo ndani ya magari, inahesabu kila gari limetumia dakika ngapi, kisha inasema kama safari hiyo ni ya kutegemewa au ni ya kubahatisha. Nikasema, sasa kuna mtu wa nyumbani atakayesema ukweli kuhusu barabara hii.

Juzi Maxwell alileta ripoti yako. Inasema mtu akitenga dakika thelathini na nane, atafika kwa wakati siku kumi na tisa kati ya ishirini. Kwa hiyo barabara ni ya kutegemewa. Kwa hiyo ile njia ya kando tuliyoomba itengenezwe, gari la wagonjwa lipate pa kupita daraja likizibwa, haina haja. Mkutano wa kuamua ni tarehe ishirini mwezi huu.

Dakika thelathini na nane! Nilicheka mpaka Maxwell akaogopa.

Halafu akanifungulia ukurasa wa mwisho, maandishi madogo kama sisimizi. Siku sita zimeondolewa. Nikamwuliza, siku inaondolewaje? Akasema, "Auntie, hizo walitoa kwa sababu zilikuwa zinaharibu hesabu. Programu inauliza kama itoe, mtu anakubali." Mtu gani? Jina lako liko hapo chini, limeandikwa safi kabisa.

Ya nne katika hizo sita ni tarehe kumi na nne Novemba mwaka jana. Dakika mia mbili themanini na nne. Imepigwa mstari.

Siku hiyo unaijua. Kesho yake ulitutumia rambirambi. Lakini ilipokujia kwenye kompyuta hukuitambua, ilikuwa namba tu. Basi acha nikueleze ilivyokuwa, maana mimi nilikuwa ndani ya gari.

Dada yako Scovia alishikwa na uchungu asubuhi. Jirani yetu Motari akatupakia kwenye Probox yake saa mbili. Tulipofika darajani, lori la miwa lilikuwa limelala ubavu, miwa imetapakaa barabara nzima. Mbele magari, nyuma magari, hata kugeuza haiwezekani. Kupanda boda boda Scovia hakuweza. Saa tano wanaume wakambeba kwa blanketi juu ya ile miwa, wakamvusha ng'ambo, na huko nako ni foleni. Mtoto alizaliwa kwenye nyasi. Alilia mara moja tu. Tulipofika hospitali kwa gari jingine ilikuwa karibu saa saba, nami ndiye niliyekuwa nimemshika, na nilikuwa nimeshajua.

Tulimzika kwa jina la Oyoo, jina tunalowapa waliozaliwa njiani. Na si yeye peke yake. Ukitaka kipimo cha barabara hii, njoo siku ya kliniki uite "Oyoo! Ayoo!" uone watoto wangapi watageuka. Binti wa Dorah, yule anayeuza samaki sokoni, anaitwa Ayoo. Nilimwuliza alizaliwa lini, na tarehe yake imo katika zile sita ulizozitupa.

Elimu yako siidharau. Najua simu inaweza kusahauliwa ndani ya gari bovu, ikatoa namba ya ajabu. Lakini si ungeuliza! Una shangazi, wayo wako, mwenye simu na mdomo. Ungesema tu, "Wayo, siku hii kulikuwa na nini?" ningekujibu hata nikiwa nateka maji. Hukuuliza. Ulibonyeza, ukaenda kunywa chai.

Mwuza nyanya akichelewa siku moja kati ya ishirini, atapata hasara, atalia, kesho atarudi sokoni. Mwanamke mwenye uchungu hachagui siku. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hilo hakuna programu itakayokufundisha. Mimi nilitaka ripoti yako iniambie habari za ile siku ya ishirini. Hizo kumi na tisa nazijua, ndizo ninazokwenda kununua sukari.

Sikuombi useme uongo. Zirudishe siku zote sita, uiendeshe programu yako upya, iseme itakavyosema, kisha utie jina lako tena. Ikisema bado barabara ni nzuri, nitakwenda kwenye huo mkutano nikae kimya, na wewe unajua mimi kukaa kimya ni kazi.

Baba yako anakusalimu. Orpah, mama yako mkubwa, anauliza utaoa lini, nami nimemwambia akuulize mwenyewe. Motari naye anakusalimu.

Scovia anakusalimu kuliko wote. Ule ukurasa wa mwisho hajauona, nilimwomba Maxwell auondoe kabla hajampa ripoti asome. Jana sokoni watu walikuwa wanaitukana ripoti hiyo, akasimama akawajibu kwamba wasubiri isomwe yote, kwa sababu aliyeiandika ni kaka yake, na kaka yake hawezi kumsahau mtoto wake.

Mungu akulinde, akupe na usingizi mzuri ukishaimaliza kazi hii.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda hata leo,
Phelesia.