Kona ya Kushoto

Jumatatu, 5 Julai 2004

Nimeshinda kibandani kwa Joyness tena. Mdogo wangu huyu alirudi hapa Bariadi kutoka Mwanza wakati wa Pasaka na mashine ya gemu iliyotumika, tivii na jenereta, akanikabidhi ufunguo kana kwamba ananipa ofisi. Kaka, wewe si upo tu, alisema. Kweli, nipo tu. Miaka kumi na tisa nimeendesha lori la Chama cha Ushirika, pamba kutoka magulioni hadi kiwandani Maswa. Likaja soko huria, zikaja kampuni, Chama kikapooza. Mwaka jana tukapunguzwa. Sasa naamua ugomvi wa nani ashike pedi ya kuchezea.

Nimechoka, na sijafanya kazi yoyote. Huo ndio uchovu mbaya kuliko wote.

Jumatano, 7 Julai

Leo nimeucheza mwenyewe huo mchezo wa magari. Miezi mitatu nawatazama wengine tu, nawasikia wakiusifu. Mwalimu Januarius anafundisha hesabu shule ya msingi, na yeye anaingia na daftari. Anaandika gia ya tatu aiweke ndefu kiasi gani, matairi laini au magumu. Anasema huu si mchezo, ni somo la subira. Nyanjige wa mitumba hana subira wala daftari. Anachukua kagari kadogo kekundu na anawashinda wote. Anasema kagari kake kanamsikiliza kuliko mume wake. Ila hapendi vioo vyeusi — anasema magari yote yale hayana watu ndani, na yeye anaona kama anashindana na majeneza.

Maoni yangu, kama dereva: aliyetengeneza kitu hiki anajua gari. Lina uzito. Ukikanyaga breki ukiwa tayari kwenye kona, mkia unatoka. Ukichelewesha gia, injini inalia mpaka unaona aibu. Nimekuta mguu wangu unatafuta klachi chini ya benchi!

Uongo ni mmoja. Unagonga ukuta kwa spidi mia na themanini, gari linatoka bila mchubuko. Na barabara yenyewe haina ng'ombe, haina vumbi, hakuna mtu mwenye gunia kwenye baiskeli. Barabara kama hiyo sijawahi kupewa.

Halafu linadai leseni. Ndiyo, gemu lina mtihani, usipofaulu hulipati gari la maana. Nimefeli mara kumi na moja. Kona moja tu, inayokunja kushoto. Nyanjige amecheka mpaka akashika mlango. Dereva wa Chama amenyimwa leseni na tivii.

Alhamisi, 8 Julai

Habari! Kampuni moja ya kununua pamba inataka madereva msimu huu. Mkuu wao wa usafirishaji, Bwana Mboje, ameagiza niende Ijumaa ya wiki ijayo anipime barabarani. Nimempa Anna habari, kisha nimemsikia jikoni anaimba wimbo wa kwaya. Sijamsikia mke wangu akiimba tangu tupunguzwe. Binti yetu Kabula atarudi chuoni kumalizia ushonaji, amesema, kama vile kazi nimeshaipata.

Jambo moja tu. Kampuni haina utingo. Chama kilikuwa na dereva na utingo wake, kila lori. Hawa wanasema mtu wa pili ni gharama. Dereva yuko peke yake.

Ijumaa, 9 Julai

Limetokea jambo dogo, silipendi. Nilikuwa nacheza, Mwalimu akaniuliza niko nafasi ya ngapi. Nikamjibu haijaandikwa. Akasema imeandikwa, Salvatory, ipo hapo kubwa. Wapi? Hapo, kushoto juu. Nikageuza kichwa, nikaiona. Nafasi ya sita, namba nyeupe kubwa kama sahani. Nikarudisha macho barabarani, namba haipo tena.

Nyanjige hakucheka. Afadhali angecheka.

Nimewaambia tivii imeungua pembeni.

Jumamosi, 10 Julai

Mahona amepita kunisalimu. Mwadila, suka, alisema, salamu yake ya Kisukuma kwa dereva wake. Huyu alikuwa utingo wangu miaka tisa, mtu mzima mwenzangu, sasa anachoma matofali. Hajawahi kuona gemu. Nikamkalisha kwenye benchi, akakaa kushoto kwangu bila kuambiwa, alipozoea. Nikaanza mtihani wa leseni. Tulipoikaribia ile kona nikamsikia anasema polepole, shoto ukuta, shoto ukuta, toka kidogo, haya, shoto safi. Sauti ileile ya barabarani. Mikono yangu ikamtii yenyewe.

Nimefaulu! Leseni, kikombe cha dhahabu, kibanda kizima kinapiga makofi. Mwalimu ameandika muda wangu kwenye daftari lake. Joyness ametoa soda kwa wote.

Mahona peke yake hakupiga makofi. Aliitazama soda yake, akaaga mapema.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya misa nimekwenda kwa Mahona kwenye tanuri lake. Nimemuuliza bila kuzunguka: wewe unajua nini? Ameendelea kupanga matofali. Kisha akasema, tangu Kiloleli.

Kiloleli naikumbuka kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 2001, nimetoka kuugua. Ile homa iliyoniangusha, mkono wa kushoto ukafa ganzi wiki nzima, tukaita malaria ya kichwa, nikapona, nikarudi kazini. Safari ya kwanza tukapita Kiloleli na nilidhani ilikuwa safari njema. Mahona anasema kulikuwa na mwanamke na mtoto mgongoni, kushoto, wako wazi kabisa mchana kweupe, na mimi nikawa nawaelekea huku nampigia yeye hadithi. Alipiga kelele nikakwepa. Akaniambia ni mbuzi. Nakumbuka mbuzi yule. Nilimtukana.

Tangu siku hiyo hakusinzia tena safarini. Misimu miwili alikuwa akinisomea kushoto kwangu kama mtu anayemsomea mzee barua, na mimi nilidhani anapenda kuongea. Nilimwita redio! Mbele za watu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu: ningesema, suka, wangekushusha, na utingo asiye na dereva wanamweka wapi? Akaweka tofali jingine. Kisha akasema tena, na wewe ulikuwa unafurahi.

Nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Nimemwacha bila kuaga. Ni vibaya.

Jumanne, 13 Julai

Nimejipima. Nimemwambia Joyness asimame mbele yangu, niangalie pua yake, anyooshe mkono huku na huku na kuchezesha vidole. Kulia naona vidole vitano. Kushoto Joyness hana mkono. Si giza, si ukungu. Hakuna kitu tu, na usipoulizwa hujui kwamba hakuna.

Joyness amelia. Anasema kuna mtu amenifunga, kuna mzee huko Dutwa anayefungua mambo kama haya. Mganga wa hospitali niliyemfuata mchana anasema ni mshipa wa kichwani, uliziba siku ile ya homa. Macho yenyewe mazima. Niende Mwanza wanichunguze. Nikamuuliza kuhusu kuendesha. Akaniuliza kuendesha nini, nikasema baiskeli. Akasema hata hiyo hapana.

Joyness nimemwapisha asimwambie Anna.

Alhamisi, 15 Julai

Anna amepiga pasi shati langu la Chama, akalirudia kola mara mbili. Nilifungua mdomo nimwambie. Akasema, Baba Kabula, nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba utazeekea kwenye kile kibanda. Nikafunga mdomo.

Kibandani nimecheza peke yangu kabla hawajaja. Nimejifundisha kugeuza kichwa. Kila nikihesabu mbili, nageuza. Ile kona nimeipita mara saba kati ya kumi. Mara tatu nimeingia ukutani.

Ijumaa, 16 Julai

Naandika nikiwa ndani ya lori. Dutwa, saa nane mchana.

Kipimo kimekwisha. Mboje alikaa upande wa utingo tangu Bariadi. Lori jema, la tani saba, gia nyepesi. Mwili wangu ulikumbuka kila kitu, na nisingependa kusema uongo humu — nilikuwa na furaha. Nilihesabu mbili, nikageuza. Nikahesabu, nikageuza. Mboje akasema, wazee nyie mmefundishwa, vijana wangu hawaangalii vioo vya saiti mira hata kwa dawa. Akaniandika kazini hapohapo, karatasi juu ya goti.

Nilidhani tutarudi wote. Kumbe yeye anabaki hapa kununua. Wamepakia marobota ya pamba mpaka juu, turubai limefungwa, na anataka niipeleke Maswa sasa hivi, peke yangu. Nimemwomba dakika kumi nijaze makaratasi. Haya ndiyo makaratasi.

Nimemuuliza kama naweza kumchukua mtu mmoja Bariadi, namfahamu, mwaminifu, hatadai hata mshahara. Alicheka. Amesema kampuni haisafirishi ndugu wa dereva.

Kushoto kwangu kuna soko la mahindi, limebanana mpaka barabarani. Nawasikia vizuri kabisa. Mama mmoja anapunguziwa bei, mtoto analilia muwa, wasichana wanacheka karibu kabisa na tairi. Nikigeuza kichwa nawaona wote, mmoja amevaa gauni la njano. Nikitazama mbele ninapotakiwa kwenda, ni barabara tupu. Safi, kama ile ya kwenye tivii.

Ufunguo uko mkononi. Mboje ameanza kuja, anaonyesha saa yake.